Nusu Saa Yako, Nusu Saa Yangu: Maisha ya Daktari Demiana Lamei Ghobrial

Daktari Demiana Lamei Ghobrial alizaliwa hapa Mallawi, kusini mwa Kairo, tarehe 14 Machi 1991, mtoto wa pili wa marehemu Lamei Ghobrial, fundi saa, na Bibi Eugenie Habib. Aliyemtangulia kuzaliwa ni Wagih, mwandishi wa gazeti, ndiye anayewasomea wasifu huu mazishini leo.

Alisoma shule ya masista hapa mjini, kisha sekondari Minya. Mwalimu wa sayansi aliwahi kumhamishia dawati la nyuma kwa kosa la kuuliza maswali mengi. Akaendelea kuuliza kutoka huko huko, kwa sauti kubwa zaidi.

Mwaka 2009 alijiunga na kitivo cha tiba. Akiwa mwaka wa tatu, yeye na wenzake sita walianzisha ushirikiano na wanafunzi wa tiba wa Bergen, Norway. Kila mmoja alipata mwenza mmoja, wakakutana kwa kompyuta kila Alhamisi kwa saa moja. Kanuni aliiandika Demiana: nusu saa yako, nusu saa yangu, mmoja alete habari za mgonjwa bila jina, mwingine aulize, mwalimu hayupo. Mwenza wake aliitwa Sindre Haugland. Demiana alimcheka kwa kula samaki asubuhi, naye akachekwa kwa kutafuna mkate wa jua, ule wa kwetu unaoumuliwa juani, mbele ya kamera.

Aprili 2014 Sindre alileta habari za kijana wa kwao aliyerudi kutoka safari akikojoa damu. Kwa wiki tatu madaktari walikuwa wakimtafutia saratani. Demiana aliuliza: "Aliogelea wapi?" Sindre hakujua. Alirudi wodini, na kijana akataja ziwa moja la Afrika. Kilikuwa kichocho, ugonjwa ambao kila bibi wa Mallawi anaujua.

Demiana alimsimulia kaka yake kwa simu, akicheka. Kaka akaandika. Habari ilitoka Jumapili, tarehe 8 Juni 2014, na kichwa hiki: "Daktari kijana wa Norway amfundisha binti wa Mallawi kutambua kichocho." Hakuna mhariri aliyeigusa. Simu ilikuwa na mikwaruzo. Alichokosa kusikia, kaka alikijaza mwenyewe: ujuzi akampa mgeni, ujinga akampa dada yake. Hakupiga tena kuthibitisha. Aliona haihitaji kuthibitishwa.

Asubuhi hiyo Demiana alipiga simu.

"Kaka Wagih, umeandika vizuri. Umekosea neno moja tu."

"Lipi?"

"Amfundisha. Na hata ukiligeuza, bado ni kosa. Sindre ni mwenza wangu."

"Nitasahihisha."

"Leo?"

"Wiki hii, daktari."

Wiki hiyo mama yao aliikata habari ile, akaitia fremu na kuitundika sebuleni. Kaka alijiambia kwamba masahihisho yangemwaibisha mama mbele ya majirani. Ukweli ni kwamba alijionea aibu mwenyewe, mbele ya mhariri wake. Sindre aliandikia gazeti barua ya kusahihisha. Barua ilifikia meza ya Wagih, ikaingia kwenye droo.

Septemba, kamati ya kitivo ilikutana gazeti lile likiwa mezani. Ikaamua kwamba, kwa kuwa wenzetu wa Norway ndio wanaofundisha, wapewe dakika hamsini, na wanafunzi wetu wapewe kumi za maswali. Demiana alipinga. Akaambiwa, "Hata kaka yako ameandika." Akaacha uongozi wa ushirikiano. Nyumbani hakulisema. Kaka alilisikia kwa watu, na bado droo haikufunguliwa.

Alihitimu mwaka 2015, na kuanzia 2017 alitibu katika zahanati ya kijiji, magharibi ya mji huu. Yeye na Sindre waliendelea na Alhamisi zao, nusu kwa nusu. Tarehe 21 Oktoba 2018 alifunga ndoa na Ramez Tadros, mfamasia, aliyezoea kuwaambia wageni, "Mimi nilioa mke, nikaongezewa Mnorway." Mwaka 2020 walijaliwa binti, Verena. Kila sikukuu familia ilikunywa chai sebuleni kwa mama. Demiana alichagua kiti kilichoipa fremu mgongo.

Januari mwaka huu aliisoma damu yake mwenyewe kwa darubini, akaiona saratani. Alitibiwa Kairo, akarudi Mei. Akiwa kitandani alimuuliza kaka yake:

"Masahihisho siku hizi hutoka ukurasa gani?"

"Wa pili, chini."

"Panatosha. Watu husoma hata chini."

Aliahidiwa toleo la Jumapili. Jumapili ikapita. Demiana alifariki jana, Alhamisi, tarehe 5 Juni 2025, asubuhi. Jioni Sindre alipojitokeza kwenye skrini, aliyempokea ni Ramez.

Jana mchana Wagih alimweleza mama yake yote. Mama akasema, "Kumbe miaka kumi na moja mtoto wangu ananywa chai chini ya uongo, na mimi ndiye niliyeupigilia msumari." Aliishusha fremu kwa mikono yake.

Barua ya Sindre imetoka kwenye droo. Itachapishwa keshokutwa, ukurasa wa pili, pamoja na maelezo haya. Nakala wamekabidhiwa mkuu wa kitivo, aliyeketi nasi hapa, na wanafunzi walioketi safu za nyuma, ambao hadi leo wanapewa dakika kumi.

Demiana ameacha mama, Bibi Eugenie, mume, Ramez, binti, Verena, kaka, Wagih, na mwenza, Sindre Haugland.

Mungu ampumzishe mahali pa nuru. "Aliogelea wapi?" Swali hilo lilikuwa lake.