Mzee Muriithi wa Kamenu na Sauti ya Pili

Wachungaji, wazee, majirani wa Kamenu, na ninyi mliosafiri usiku kutoka Bungoma, familia imenituma mimi, Eddie, kitinda mimba wake, nisome maisha ya mzee wetu, na kabla sijaanza nawaomba mtuvumilie, kwa sababu historia hii ni ndefu kuliko ile iliyochapishwa kwenye vijitabu mlivyopewa getini, na sehemu iliyoongezwa imeongezwa kwa agizo lake mwenyewe.

Marehemu Josphat Muriithi Ndung'u alizaliwa tarehe 14 Machi 1949 huko Kalimoni, mtoto wa pili wa Mzee Ndung'u na Mama Warigia, waliokuwa vibarua katika shamba la kahawa. Mwenye shamba alikuwa na gramofoni barazani, na inasemekana kwamba mtoto Muriithi, akitumwa kupeleka maziwa, alikuwa akikawia chini ya dirisha mpaka santuri iishe, kisha anarudi nyumbani kupokea kiboko chake bila kulalamika, maana aliona ameshalipwa.

Alisoma Shule ya Msingi ya Kalimoni kuanzia 1957 hadi 1964, akaendelea na sekondari hapa Thika hadi 1968, na baada ya hapo akajifunza ufundi wa umeme Nairobi, akahitimu mwaka 1971. Tarehe 1 Februari 1972 aliajiriwa na kampuni ya santuri ya Larkmont, ya Amerika, iliyokuwa imefungua kiwanda na studio ndogo Ruiru miaka mitatu kabla ya hapo, na kazi hiyo ndiyo iliyomfanya awe mtu mliyemjua.

Waliokaa naye hawawezi kuhesabu ni mara ngapi waliisikia historia ya Larkmont, maana aliisimulia kama wengine wanavyosimulia ukoo wao. Alieleza jinsi ilivyoanza mwaka 1931 katika mji wa St. Louis, katika chumba cha nyuma cha duka la samani, shemeji wawili wakiuza gramofoni na kukosa santuri za kutosha kuwavutia wateja, wakaamua kutengeneza zao. Sauti ya kwanza waliyoinasa ilikuwa ya mwanamke mfua nguo aliyekuwa akiimba uani kwao. Kutoka hapo wakauza nyimbo za kanisani, kisha nyimbo za wachunga ng'ombe ambazo watu wa Thika na Ruiru wanazipenda hadi leo, wakanunua kampuni ndogo ndogo, wakahamia New York, wakanunuliwa na watu wa filamu, nao watu wa filamu wakanunuliwa na watengenezaji wa friji. Katika kuuzwa kote huko, alisema marehemu, sauti ya yule mfua nguo haikupotea, imewekwa katika ghala lililochimbwa ndani ya mlima, mahali pasipofika moto wala maji. Akifika hapo alikuwa akinyanyua kidole na kutuambia, "Kampuni inayomtunza mfua nguo hivyo, hiyo ina Mungu." Sisi watoto tulikua tukiamini.

Tarehe 14 Desemba 1974 alifunga ndoa na mama yetu, Magdalene, na Mungu akawajalia watoto watatu, Shiko mwaka 1975, Warigia mwaka 1978, nami mwaka 1983. Walipanga chumba katika ploti moja hapa Kamenu, yenye mfereji mmoja wa maji, na jirani yao wa ukuta kwa ukuta alikuwa Nakhumicha, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda cha nguo. Mama huyu yuko nasi leo, ameketi kwenye hema la pili, na tulimwomba aketi mbele na familia, akasema anasikia vizuri kutoka hapo alipo.

Mwezi wa Agosti 1976 mama yake Nakhumicha alikuja kutoka Bungoma kumwona mjukuu aliyezaliwa, na asubuhi moja mama na binti walikuwa mferejini wakifua nepi, binti akiimba na mama akimwitikia kwa sauti ya chini. Marehemu alikuwa amekuja na ndoo yake, akaisahau chini ya mfereji hadi maji yakamwagikia viatu vya kazi, na yule mama akamuuliza kwa Kiswahili cha shida kama nyumbani kwao wanaume huchota maji kwa viatu. Alirudi jioni akiwa amepata ruhusa ya kazini ya kuwarekodi. Tarehe 22 Agosti 1976, siku ya Jumapili, aliwapeleka wote wawili studio ya Ruiru, pamoja na kaka yake Nakhumicha, Boaz, aliyepiga litungu, kinubi cha kwao, na marehemu mwenyewe akakaa kwenye mashine, wakarekodi wimbo mmoja. Kanda ikawekwa rafuni kungoja uamuzi wa wakubwa, na uamuzi haukuja, kama ilivyokuwa kwa kanda nyingi za wenyeji.

Hapa ndipo penye sehemu iliyoongezwa.

Mwaka 1979 pesa za kigeni zilikuwa haba nchini na kanda mpya hazikuingia, na Larkmont wa Amerika walikuwa wameagiza nyimbo zao za wachunga ng'ombe zichapishwe Ruiru kwa haraka, kwa ajili ya Krismasi. Meneja akaamuru kanda za zamani za wenyeji zifutwe zitumike upya, akamwachia marehemu azichague, zile zisizo na soko. Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi, kanda inawekwa juu ya mashine ya sumaku, inazungushwa polepole, inaondolewa, na marehemu alituambia kwamba kanda iliyofutwa haina alama yoyote, uzito ni ule ule, rangi ni ile ile, na mtu akikuletea zote mbili huwezi kujua ni ipi yenye watu ndani.

Akachagua. Zile za Kikuyu alizisikiliza moja moja, akisema huyu ana maneno mazito, huyu ni kijana wa Murang'a ataendelea, huyu tumwachie nafasi, akaziokoa karibu zote. Zile za lugha nyingine hakuzisikiliza, kwa kuwa hakuelewa kinachosemwa, na kile asichokielewa alikiona kitupu, akazifuta, ile ya Nakhumicha ikiwemo. Hatusemi kwamba alikuwa na chuki, kwa maana watu hao ndio aliokunywa nao chai, tena ni yeye aliyewapeleka studio kwa mkono wake, lakini familia imekaa na jambo hili kwa muda mrefu na haijapata namna ya kulisema ili lisituaibishe. Nyimbo hizo za Amerika ziliuzwa vizuri sana, kampuni ikampandisha cheo, na santuri tulizochezea sebuleni tukiwaringia watoto wa ploti zilitokana na Krismasi hiyo.

Mwaka uliofuata Nakhumicha alimsimamisha mlangoni mwa kanisa, akamuuliza, "Baba Shiko, wimbo wetu ulienda wapi?" Marehemu alikuwa na nafasi ya kusema ukweli, na ukweli wakati huo ungekuwa mdogo, lakini alijibu kwamba wimbo ulipendwa, ukapelekwa Amerika, ukawekwa kwenye ghala la mlimani pamoja na mfua nguo. Nakhumicha akafurahi, akaandika nyumbani, na mama yake akatangaza kijijini, mpaka watani wake wakawa wakimpita sokoni wakimwambia, "Mama, ukiimba leo utusalimie Wamarekani," naye anawajibu kwamba Wamarekani wanamsikia bila yeye kufungua mdomo. Mama huyo alifariki mwaka 1988, na alikufa akiamini hivyo.

Tawi la Ruiru lilifungwa tarehe 30 Juni 1984, Larkmont yenyewe ikauzwa tena, na marehemu akafungua kibanda cha kutengeneza redio karibu na soko la Thika, alikofanya kazi hadi 2014. Alikuwa fundi mwaminifu, na wengi wenu redio zenu zilipita mikononi mwake. Aliimba katika kwaya ya wazee, alikuwa mzee wa kanisa kwa miaka mingi, na hayo yote ni kweli pia, kwa hiyo tunaomba asije mtu akayafuta kwa sababu ya haya mengine.

Mwaka 2021 kampuni ilitimiza miaka tisini, nayo ikafungua ghala lake lote kwenye mtandao ili mtu yeyote asikilize. Becky, mjukuu wa Nakhumicha, aliyekuwa akisoma chuo kikuu hapo Juja, alitafuta wimbo wa nyanya yake, akamkuta yule mfua nguo wa St. Louis akiimba wazi kama jana, lakini kuhusu Kenya akakuta sentensi moja tu, kwamba kampuni iliwahi kuwa na tawi Afrika Mashariki. Akaja nyumbani na simu yake, akasema, akimwita babu kwa Kikuyu, "Guka, labda waliandika jina vibaya, hawa Wazungu na majina yetu unawajua. Wewe ulikuwa huko, hebu nisaidie." Marehemu akavaa miwani, wakakaa pamoja wakijaribu kila namna ambayo Mmarekani angeweza kuliharibu jina la Nakhumicha, wakicheka, na msichana akawa anarudi kila Jumamosi, naye kila Jumamosi anamkaribisha na kutafuta naye kitu alichokuwa amekifuta mwenyewe. Alimwambia mama yetu baadaye kwamba kufuta ile kanda ilikuwa kazi ya mchana mmoja, lakini Jumamosi zile alizitenda akiwa na akili timamu.

Mwezi wa Mei 2023 alipatikana na ugonjwa wa figo, akaanza kusafishwa damu katika hospitali ya hapa Thika, na Nakhumicha, kama jirani wa siku zote, alikuwa akimletea uji. Tarehe 9 Septemba mwaka huo, mama yetu akiwepo, marehemu alimweleza yote. Nakhumicha alisikiliza hadi mwisho, akauliza jambo moja tu, "Uliisikiliza kwanza?" Marehemu akasema hapana. Nakhumicha akafunika chupa ya uji, akasema, "Sauti ya pili ilikuwa ya mama yangu. Mimi nilibaki nikaimba mahali pengine, kwaya, harusini, hata kwenye simu ya Becky sauti yangu iko. Yeye aliimba kwa mashine mara hiyo moja." Akaenda zake, na hakurudi mwaka huo.

Marehemu alituma watu, akamtuma mchungaji, akamtuma ndugu yake, Chege, kuuliza ni kitu gani angefanya, na wote wakarudi mikono mitupu. Becky pia hakuja tena. Tulimwona mzee wetu akikataa redio isiwashwe ndani ya nyumba, yeye aliyeishi kwa redio.

Kisha Jumapili ya Pasaka, mwaka 2024, Nakhumicha aliingia na chupa ya uji, akaketi, akamwambia maneno ambayo mama yetu aliyashika neno kwa neno. "Baba Shiko, pole yako siwezi kuitumia. Lakini siku yako ikifika watasimama na maikrofoni wasome ulizaliwa wapi, ukasoma wapi, ukafanya kazi gani. Mama yangu alizikwa mvua ikinyesha, watu wakiwa mbio, hakusomewa kitu. Kwa historia yako, wamtaje. Na waseme ni kwa nini." Marehemu aliitikia, kisha akaomba amweleze wimbo ulisema nini, maana hakuwahi kujua. Nakhumicha akamwambia ni wimbo wa mama anayemtuma binti kwenda kuolewa mbali, binti anauliza nikikuita utasikia, na sauti ya pili inajibu, nitasikia. Wakanywa uji. Hakuna aliyesema kwamba yamekwisha, na sisi hatusemi hivyo leo.

Hali yake ilidhoofika mwanzoni mwa mwaka huu wa 2025, akalazwa tarehe 3 Februari, na akaaga dunia tarehe 11 Februari, saa kumi na moja asubuhi, mama yetu akiwa kando yake. Ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu saba.

Hatutaki kuwaficha kwamba familia ilibishana. Baba Mdogo Chege alituambia, "Matanga si korti, na marehemu hana wakili," na maneno hayo yana uzito, kwa kuwa desturi yetu ni kumsindikiza mtu kwa mema yake. Mama alimjibu kwa upole kwamba korti hii aliiomba mwenyewe, na kwamba mtu akiahidi akiwa hai, kifo hakimfungulii. Baba Mdogo akaenda kutafuta kijana wa kamera, akamlipa arekodi ibada nzima ya leo, tangu sala ya kwanza.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa subira, mchungaji na kwaya ya wazee, mafundi wenzake wa sokoni, waliofanya naye kazi Ruiru waliobaki, majirani wa Kamenu mliochangia na kukesha nasi, na Nakhumicha pamoja na Becky, ambao hatukustahili waje. Mngetarajia sasa ipigwe santuri ya Larkmont aliyoipenda mzee, lakini aliagiza isipigwe.

Badala yake, kijana wa kamera, nakuomba usogee karibu, maikrofoni hii ishike vizuri. Tarehe 22 Agosti 1976, katika studio ya Ruiru, sauti ya pili ilikuwa ya Naliaka, mama wa Boaz na Nakhumicha, wa Bungoma. Alikuwa mkulima wa njugu na mahindi, na aliimba mara moja mbele ya mashine. Sauti yake haikupelekwa Amerika, haikupotea wala haikuchakaa, ilifutwa hapa kwetu, na baba yetu, bila kusikilizwa.

Naliaka, pumzika kwa amani. Na wewe, baba, uliyengoja jina hili lisomwe kwanza, sasa pumzika.