Mjumbe wa Zahanati Isiyo na Bati

Wasikilizaji wapendwa, mlioko Kasulu, Kibondo, Kakonko na Buhigwe, leo sogezeni redio karibu. Tunamkumbuka Mama Theodosia, mkunga wa jadi wa upande wa Mabamba, aliyefariki wiki iliyopita, Machi hii ya 2015. Kumbukumbu hii ni chungu, na uchungu mwingine tuliutia sisi wenyewe.

Mama Theodosia alizalisha wanawake kwa miaka thelathini. Kijijini kwake wananchi walifyatua tofali, wakajenga zahanati kwa nguvu zao, wakapandisha kuta hadi kwenye renta, juu ya milango na madirisha. Bati hazikuja. Mjamzito akizidiwa, anapakiwa kwenye baiskeli mpaka Kibondo mjini. Wengine hawakufika.

Juni 2013 ukaandaliwa msafara wa kutembelea jengo la Bunge, Dodoma. Kiongozi wa msafara, ambaye simtaji, aliwahakikishia wanakijiji kuwa mjumbe wao atapewa nafasi ya kusema. Wakamchagua Theodosia. Bintiye, Ernesta, anasema mama yake aliyakariri maneno huku akipura maharage: "Kuta tumejenga. Tunaomba bati."

Siku ikafika. Wageni wakapanda juu, kwenye viti vyao. Wakatangazwa, wakasimama, waheshimiwa wakapiga meza. Wenzake wakakaa. Theodosia akabaki amesimama. Akakunja goti, akapiga makofi taratibu, kama Waha tunavyowasalimia watu wa heshima, akangoja aitikiwe ili aanze. Mhudumu akamsogelea, akamweleza kwa upole kwamba mgeni huko hasemi, ni kanuni ya wote. Akakaa. Kiongozi wake aliijua kanuni hiyo tangu mwanzo. Nje alimwambia atabasamu kwenye picha.

Jioni ile kiongozi akatupigia simu hapa redioni. Nasi tukatangaza: Mama Theodosia amefikisha kilio cha zahanati Bungeni. Mwenyewe hatukumuuliza.

Alipokelewa kwa vigelegele. Akawaambia ukweli, kwamba hakusema neno. Nani amwamini, na redio imeshatangaza? Miezi ikapita, bati hakuna. Basi wakasema amelishwa wali Dodoma, akauza maneno yao. Wakambandika jina la Mheshimiwa, kwa kejeli. Wanawake wale wale aliowazalisha wakaacha kumwita. Kaka yake, Mzee Nestori, anasema hata kisimani alikwenda peke yake.

"Nyumba ile ya Bunge ina paa kubwa, mwanangu," alikuwa akimwambia Ernesta. "Niliangalia paa tu."

Mara mbili alisafiri kutoka Mabamba hadi hapa Kasulu, kutuomba turekebishe. Wasikilizaji, mimi ndiye niliyempokea. Nilimwambia habari hiyo imeshapitwa na wakati. Akanishukuru, akaenda kutafuta gari la kurudi. Naona aibu hadi leo.

Kwenye mazishi watu walikuwa wachache. Ernesta aliniambia bila kunitazama: "Mwisho mama hakudai zahanati. Alidai jina lake."

Ernesta, Mzee Nestori na ukoo mzima, poleni sana. Mungu ampumzishe mama yetu. Nasi wengine tujiulize, kila mtu nyumbani kwake, ni nani tuliyemhukumu kwa maneno ya kusikia, naye yupo, anaulizika.

Na ninyi wa kijijini kwake, mnaotusikiliza sasa hivi, haya ndiyo marekebisho aliyoyaomba. Mama Theodosia hakupewa nafasi ya kusema Bungeni. Aliwaambia ukweli. Waongo tulikuwa sisi.