Bei Moja na Marobota ya Mdogo Wake

Ndugu, jamaa na majirani, aliyelala mbele yenu ni kaka mkubwa, mwenye duka la vipuri, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Bei Moja. Kama kawaida yake, amekusanya watu wengi. Mdogo wake wa pekee, ndiye huyu anayesoma, amewatazama tangu asubuhi wakizidi kuingia, na amejiuliza siku yake watakuja wangapi.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Mei 1947, katika chumba cha nyuma cha duka la baba. Mdogo wake alifuata miaka miwili baadaye, akakuta kitanda cha dirishani kimeshachukuliwa. Kitanda hicho hakukipata hadi walipohama.

Marehemu alianza shule ya msingi mwaka 1955. Alikuwa mpole, msafi wa daftari, na darasa zima ni yeye peke yake aliyekuwa na kichongeo cha penseli. Mdogo wake alikuwa na mapera kutoka mti wa nyuma ya nyumba. Mwanzoni pera moja lilitosha kuchongewa penseli. Msimu ulipokolea, kila mtoto akaja na mapera mfukoni, na marehemu akaanza kudai matano. Mdogo alikwenda kushtaki kwa mama. Mama akamuuliza marehemu kwa nini anamfanyia mwenzake hivyo, naye akajibu, "Mama, mapera yapo kila mahali. Kichongeo kiko kimoja." Mama alicheka mpaka akakaa chini. Mdogo hakuona cha kuchekesha, na mpaka leo hajakiona.

Mwaka 1968 baba aliwagawia mali. Kaka alipewa duka, mdogo akapewa shamba la mkonge pamoja na mashine ya kuchakata. Wakati ule katani ilikuwa na soko, na robota moja lilinunua mkanda mpya wa mashine, na chenji ikabaki. Marehemu alinuna wiki nzima. Alilitaka lile shamba, kwa sababu baba alipenda kutembea humo jioni, na sasa angetembea na mdogo. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho kwa mdogo kuonewa wivu, au ndivyo alivyodhani.

Kisha nailoni ikaingia. Meli, maghala, hata waanika nguo wakaacha kamba za mkonge, na bei ya katani ikashuka. Mdogo akafanya kile ambacho kila mkulima alifanya: akapanda zaidi ili afidie. Wote walipopanda zaidi, bei ikashuka zaidi. Huko mikanda inakotengenezwa, mafuta na vyuma vilipanda, nayo mikanda ikapanda. Halafu fedha yetu ikashushwa thamani, wakasema itawasaidia wakulima, kumbe kila kitokacho nje kikawa hakishikiki. Kufika mwaka 1986, mkanda ule ule mmoja ulikuwa unadai marobota matano. Maji yakazidi unga.

Mdogo aliingia dukani na kusimama mbele ya kaunta.

"Kaka, mkanda haujabadilika, robota halijabadilika. Nani amekula hapo katikati?"

"Hakuna aliyekula, mdogo wangu. Wewe unauza kinachouzwa na kila mtu, unanunua kinachotengenezwa na wachache. Kumbuka mapera."

"Basi nipunguzie."

"Bei ni moja."

Mdogo alirudi shambani akijisemea kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Duka lilipakwa rangi mpya mwaka ule. Roho ilimuuma sana, na hakuona sababu ya kuificha.

Marehemu alifunga ndoa tarehe 14 Desemba 1974 na fundi cherehani, mama huyu aliyekaa hapa mbele. Aliyemwona kwanza ni mdogo, alipopeleka suruali kushonwa. Lakini sindano za cherehani zilikuwa zinauzwa dukani kwa kaka, na fundi akawa anakwenda kule kila wiki. Walijaliwa watoto watatu, wote wana adabu, na mdogo angependa wawe wake.

Kuanzia mwaka 1998 wanunuzi wa katani waliacha kabisa kufika shambani. Marehemu akasema, "Niletee mimi, nitakutafutia mnunuzi." Kila mwaka mdogo alipeleka, akalipwa kwa mikanda na visu vya mashine, na kila mwaka aliamini kwamba kaka anauza kwa bei kubwa na kumpa makombo.

Mwaka 2011 marehemu aligundulika kuwa na kisukari. Alikatwa mguu, akaendelea kuuza akiwa kwenye kiti. Mwezi uliopita alilazwa kwa tatizo la figo. Mdogo alimwinamia kitandani, akamuuliza lile lililomkaa kooni miaka yote: "Kaka, ulinipunja?" Marehemu akamtazama na kusema, "Shamba limepaliliwa?" Alifariki Jumanne alfajiri.

Juzi shemeji alimtuma mdogo stoo ya nyuma kutafuta turubai la msiba. Alipofungua mlango akakuta marobota yamepangwa mpaka darini, mengine yametafunwa na panya, yote yana alama nyekundu ya shamba lake. Akamwita shemeji.

"Si alikuwa anauza haya?"

"Amuuzie nani, shemeji? Hakukuwa na mnunuzi."

"Na kwa nini hakuniambia?"

"Ungeacha kulima, ungeuza shamba la baba. Yeye alikuonea wivu kwa lile shamba mpaka anakata roho. Kila Jumapili akikuona unapita kwenda huko, anaacha kula mpaka chakula kinapoa."

Mdogo alikaa juu ya robota, akalia. Alilia kwa uchungu wa kufiwa, na pia kwa sababu hata katika wema kaka alikuwa amemshinda, tena bila mdogo kujua kuwa wanashindana.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba, na mdogo mmoja mwenye shamba lililopaliliwa vizuri.

Wachimba kaburi walikuja na kamba za nailoni. Zimerudishwa garini. Atashushwa kwa kamba za mkonge, zilizosokotwa jana na mdogo wake kutoka moja ya marobota yale. Bei amepanga mdogo, na ni moja: kule aliko amsalimie baba, na wakitembea jioni, amwachie mdogo nafasi upande wa pili. Alale salama.