Wake Wenza wa Mwalimu Adrian

Ndani ya gari dogo la abiria, Noah iliyotoka Endabash kwenda Karatu, Mwalimu Adrian alikuwa amepakata kibao chake cha sataranji, akirudia mchezo aliofungwa Jumamosi. Na leo, akicheza peke yake, alikuwa anafungwa tena. Mzee Sairowua, mfugaji aliyeketi kando yake, akawanyooshea fimbo askari wake wawili weupe wa kibaoni, waliosimama mmoja nyuma ya mwenzake. "Hawa wana ugomvi gani?"

"Tunawaita wake wenza," Adrian akasema. "Wamebanana njia moja, hakuna anayemsaidia mwingine."

Mzee aliudhika kana kwamba ametukaniwa ukoo mzima. "Mimi ninao watatu, na wanasaidiana hadi kukamua! Wewe unao wangapi?"

"Mmoja," alijibu Adrian, na ndoa yake ya kanisani ghafla ikaonekana ndogo.

"Ndiyo maana hujui. Umewalaza nyumba moja!" Mzee akamnyanyua askari wa nyuma, akamweka kwenye mraba wa pembeni. "Kila mke na nyumba yake."

"Sheria hairuhusu, mzee!"

"Sheria ya nani?"

Gari likasimama, mzee akashuka na fimbo yake. Adrian akanyoosha mkono amrudishe yule askari, kisha akasita. Kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi, alikuwa anashinda.