Mwalimu wa Nyota Aliyesinzia Mchana

Wazee wangu shikamooni, na ninyi nyote mliotoka mbali poleni na safari, mimi ni Samweli, mdogo wake marehemu, nimetumwa na familia niwasomee maisha ya kaka yetu, Mwalimu Yeremia Lupakisyo, nami nawaomba asiondoke mtu kabla sijamaliza.

Marehemu alizaliwa Munisagara tarehe 12 Mei 1929, mtoto wa kwanza wa mzee wetu aliyetoka Rungwe kuja kufanya kazi ya reli, akasoma Kilosa, kisha akachukua mafunzo ya ualimu Morogoro, na Januari 1952 akaanza kufundisha Kisanga. Tarehe 7 Agosti 1954 alifunga ndoa na shemeji yetu Magreti, wakajaliwa mtoto mmoja tu, Lea, aliyezaliwa tarehe 3 Machi 1958.

Mwaka 1968 alihamishiwa hapa Mikumi, katika shule ya kijiji chetu cha ujamaa, akaja na darubini aliyoachiwa na bwana mmoja wa shamba la mkonge aliyekuwa akirudi kwao. Julai 1969, redio ilipotangaza kwamba watu wamekanyaga mwezi, kaka alirukaruka uwanjani hadi kofia ikamdondoka, akatuambia kuwa mwezi ni barazani tu, na huko ndani kuna nebula, mawingu makubwa ya gesi na vumbi ambamo nyota huzaliwa. Alinichungulisha moja, chini ya zile nyota tatu zilizojipanga, nikaona ukungu mweupe umetulia kimya, nikaogopa bila kujua naogopa nini.

Kwa kuwa karabai za ofisi na moshi wa mashamba vilimzibia anga, alizoea kwenda porini, upande wa hifadhi, akiondoka mchana ili jioni imkute ameshafunga darubini, na mbung'o wa pori lile mnawajua. Jumamosi tarehe 27 Machi mwaka huu aliwachukua Lea na wenzake wote wa darasa la sita, wakarudi wakisimulia nebula kwa furaha, huku wakijikuna.

Aprili akashikwa na homa, kisha akawa anakesha usiku na kusinzia mchana, nasi kijiji kizima tukamtania kwamba mwalimu kaoa nyota, tukacheka hadi siku aliposinzia na tonge mkononi. Tulipomfikisha hospitali tarehe 20 Mei, daktari alipima damu, akasema ni malale, yaletwayo na mbung'o, nayo yameshapanda kichwani. Alifariki Alhamisi tarehe 27 Mei 1971, saa kumi alasiri, akiwa usingizini.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliochimba kaburi, na walimu wenzake. Wengi mmeuliza kwa nini shemeji Magreti hayupo kumzika mumewe. Jana Lea alisinzia katikati ya waombolezaji, tukadhani amechoka kulia, akaamshwa, akasinzia tena, na leo alfajiri mama yake amemkimbiza kwa daktari yule yule.

Darasa la sita ni hawa walioshika mashada. Wazazi, lori liko barabarani, wapelekeni wakapimwe damu sasa hivi, chakula kitasubiri, na huyo aliyejiinamia pale nyuma, tafadhali, mwamsheni.

Pumzika kwa amani, kaka yangu, na upumzike peke yako.