Phelista Nekoye, Aliyezikuza Herufi

Phelista Nekoye Ngige alizaliwa tarehe 12 Machi 1961 huko Myanga, Bungoma, akiwa kifungua mimba wa marehemu Mzee Barasa Wabwile na marehemu Mama Selina. Miaka mitano baadaye alizaliwa Bilha, ambaye ndiye anayewasomea wasifu huu wa mazishi. Walikuwa wawili tu.

Alianza shule ya msingi karibu na nyumbani mwaka 1968, na kila muhula alikuwa wa kwanza darasani. Bilha alipoingia darasa la kwanza, mwalimu hakumuuliza jina. Alisema tu, "Si wewe ni mdogo wa Nekoye? Kaa mbele." Aliitwa hivyo mpaka akamaliza shule, na ilimuuma.

Baada ya kidato cha nne, Phelista alisomea uhazili mjini Kitale na kuhitimu Desemba 1982. Mwezi uliofuata aliajiriwa na chama kimoja cha wakulima mjini humo, akapanda hadi kuwa mhazili mkuu. Alitaipu akizungumza na wageni na hakukosea neno.

Tarehe 18 Oktoba 1986 alifunga ndoa na Bwana Ngige Kiarie, mkulima wa mahindi na ng'ombe wa maziwa wa Endebess. Walijaliwa watoto wawili, Beth na Nderitu. Siku za kazi Phelista alikaa katika nyumba ya kupanga mtaani Matisi, Kitale, na Ijumaa jioni akarudi kwake Endebess.

Mwaka 2002 macho yake yalianza kufifia. Daktari alisema ni presha ya macho, na kwamba uoni uliokwisha kupotea haungerudi. Bilha alihamia Matisi. Alimsomea barua za ofisi, Biblia, maandishi ya chupa za dawa, hata ujumbe wa simu kutoka kwa shemeji. Lazima isemwe: hiyo ndiyo miaka aliyoifurahia Bilha kuliko yote. Nekoye alimhitaji.

Lakini Phelista hakukubali kusomewa maisha yake yote. Kwa miezi kadhaa mwaka 2004 aliichokonoa ile programu ya kuandikia kwenye kompyuta ya ofisi. Aliufanya ukurasa kuwa wa buluu na maandishi meupe, akazikuza herufi hadi zikatoshana na punje za mahindi. Alitengeneza njia ya kubonyeza mara moja tu ili herufi ziwe ndogo za kuchapishwa, kisha zirudi kubwa. Kwenye vibonye vya F na J alidondosha rangi ya kucha ili vidole vipapase na kujua vilipo. Siku alipomaliza alisema, "Bilha, leo pumzika. Nitajisomea."

Bilha hakupumzika. Asubuhi moja ya Juni aliwahi ofisini kabla ya dada yake, akarudisha kila kitu kilivyokuwa, akaifuta ile rangi. Phelista aliketi, akapapasa vibonye. Kisha akasema, "Nisomee basi." Bilha alisoma mchana kutwa kwa furaha. Walipofika nyumbani Phelista alimwambia, "Vibonye vilikuwa vinanuka dawa ya kutoa rangi ya kucha. Nimekupatia siku moja, mdogo wangu. Kesho nirudishie herufi zangu."

"Na mimi nitakuwa nani kwako?" Bilha aliuliza.

"Si utakuwa Bilha tu?"

Bilha alizirudisha. Hawakulizungumza tena, na hakuna mwingine aliyejua mpaka leo.

Phelista alistaafu mapema mwaka 2006. Kila Jumamosi alifundisha katika ukumbi wa kanisa Myanga, akiwatengenezea kompyuta watu wenye uoni hafifu, kila mmoja kwa kadiri ya macho yake. Bilha aliwapikia chai, akawaona wakimshika dada yake mkono na kumwita mama, akakasirika moyoni.

Agosti mwaka huu alipatwa na kiharusi. Alifariki hospitalini Bungoma asubuhi ya Jumatano, tarehe 9 Septemba 2009, Bilha akiwa kando ya kitanda.

Jumanne iliyopita, katika kikao cha mazishi, mwanafunzi wa Phelista, Mwalimu Festus Makokha, aliomba wanafunzi waandikwe pamoja na familia katika wasifu huu. Bilha alimjibu kwa ukali, "Nyinyi mlikuwa naye miaka mitatu. Mimi nimekuwa naye arobaini na mitatu!" Mwalimu alisema polepole, "Ni kweli, mama. Ndiyo maana tunakuomba wewe, hatumwombi mwingine."

Marehemu ameacha mume, Bwana Ngige Kiarie. Watoto, Beth na Nderitu. Mjukuu mmoja, Mary Ann. Na wanafunzi kumi na mmoja, ambao Bilha amewaandika kwa mkono wake ingawa wivu haujamtoka: Festus Makokha, Chepkemoi, Gicheru, Chesang na wenzao saba walioketi hapa mbele. Ameacha pia mdogo wake mmoja, mdogo wa Nekoye.

Mungu ampumzishe dada yetu kwa amani.