Dirisha Lililobaki Ubaoni

Mgeni rasmi, Bi Asila, mjumbe wa bodi ya chuo,
Madam Rawan, meneja wa mabweni,
Wanafunzi wenzetu,

Tunaomba uturuhusu tuanze kusoma huku mwenzetu Serah akiwa bado juu ya ngazi. Anabandika mapazia ya mwisho kwenye ubao ulio nyuma yako, na gundi ikishapakwa haisubiri itifaki.

KARIBU

Karibu katika bweni letu la wasichana. Tulifurahi ulipotuma ujumbe kwamba risala isomwe kwa Kiswahili, lugha uliyolelewa nayo na wazazi wako Wazanzibari hapa hapa Dubai. Umeturahisishia mengi. Madam Rawan hafahamu Kiswahili, lakini ni mtu wa heshima, na kila akisikia jina lake hupiga makofi. Madam Rawan. Umeona? Tunamshukuru.

Utuwie radhi kwa harufu ya rangi. Ukuta umepakwa leo asubuhi, viatu vya milangoni vimefichwa, na wenzetu waliozoea kukaa ngazini wameombwa wakakae kwingine, ili uone bweni linavyokuwa siku zote.

KAZI YETU

Sisi ni wasaidizi wa bweni: Serah, Caren, na Hilwa anayekusomea. Ni wanafunzi kama wengine. Tumepewa vyumba bila malipo ili nasi tuwaangalie wenzetu, tupange shughuli za kuwakutanisha, na tupambe ubao wa hapa chini kila mwezi. Mafunzo tulipewa. Yalikuwa ya asubuhi moja, na sehemu kubwa ilihusu namna ya kupiga picha.

MAFANIKIO

Ni mengi, tutayapunguza. Tulifanya Wiki ya Utulivu, ikatangazwa kwa kipaza sauti. Tulifanya semina ya faida za kulala mapema, ikaanza saa nne usiku kwa kuwa ukumbi ulikuwa na kikao. Tulifanya pia Siku ya Kuwajua Majirani. Waliohudhuria tulikuwa sisi watatu, lakini tulibadilishana viti na mitandio kwa bidii hata picha zikaonyesha umati. Ofisi ilitupongeza. Caren anaonekana mara nne, na katika picha moja anajisalimia mwenyewe kwa mbali.

Ukumbi wetu wa mapumziko nao umependeza mno baada ya kupambwa. Umefungwa kwa ufunguo, usije ukachafuliwa na wanaopumzika.

HABARI YA UBAO

Muhula huu ulipoanza alifika msichana kutoka Tabora, jina lake Sikujua. Hayupo hapa, yuko ghorofa ya pili, na habari hii tunaisema kwa ruhusa yake. Alituambia, "Semeni, ila msiniite mbele za watu."

Mwenzake wa chumbani alihama wiki ya kwanza, akaenda kwa shangazi yake mtaa wa Muraqqabat. Sikujua akabaki peke yake. Akawa anakwenda darasani, anarudi, mlango unafungwa. Serah, ambaye ghorofa hiyo ni yake, alibisha hodi na biskuti. Akabisha na vipeperushi. Akabisha na hiyo Siku ya Kuwajua Majirani. Jibu lilipitia mlangoni, lile lile: "Asante dada, nimechoka." Tulipopeleka habari ofisini, Madam Rawan alielekeza atumiwe barua pepe ya kumkumbusha awe na furaha. Ilitumwa. (Asante kwa makofi, madam.)

Mwezi huu tuliamua ubao uwe jengo letu lenyewe, la karatasi za manila, kila mkaazi na dirisha lake, na ndani ya dirisha aweke anachopenda kuonekana nacho. Kazi ya kukata ikamwangukia Serah. Alikaa sakafuni nje ya chumba cha Sikujua, si kwa hekima yoyote ya ulezi, bali kwa sababu hapo ndipo ubaridi wa kiyoyozi cha korido unapofika. Vidole vikamtoka malengelenge, akaanza kulalamika peke yake.

"Haki huu mkasi utanimaliza."

Mlango ukafunguka. "Unakata vibaya, dada," Sikujua akasema.

"Si basi ukate wewe, badala ya kunicheka?"

"Sikucheki. Zungusha karatasi, mkasi uuache utulie."

"Hebu onyesha."

Akaonyesha. Akakaa. Hakuingia ndani mpaka chai aliyowaletea Caren ilipopoa. Tangu siku hiyo amekata madirisha yote unayoyaona, na wengine wakaanza kuja kukaa pale sakafuni, huyu na maandazi, yule na hadithi za mwalimu wake. Alipanda basi na Serah hadi mtaa wa Satwa kuomba mabaki ya vitambaa kwa mafundi cherehani, yawe mapazia. Fundi akampa kipande akasema ni cha kijani. "Baba, hiki si kijani," Sikujua akamwambia, "hiki ni uchovu." Fundi alicheka hadi akawapa mfuko mzima.

Shughuli hiyo haikuwa na orodha ya mahudhurio wala picha. Kwa utaratibu wa ofisi, haikufanyika.

CHANGAMOTO

Leo umekuja kutuzindulia skrini ya kisasa itakayochukua nafasi ya ubao. Tumeiona ikijaribiwa. Ina wasichana wanaocheka, wenye meno mazuri sana. Hakuna hata mmoja anayeishi hapa, tumewatafuta. Hatusemi skrini ni mbaya, huenda tukaizoea. Tatizo ni kwamba fundi wa kuifunga anasubiri garini hapo nje, na ubao unateremshwa mara tu utepe ukikatwa.

Serah alimwendea meneja akamsihi, "Madam, siku moja tu."

"Khalas, Serah, yamekwisha. Ukuta lazima uwe safi."

Hatumlaumu. Naye ana wakubwa wake wanaopenda kuta safi.

Bi Asila, ukigeuka utaona dirisha moja halina kitu, ghorofa ya pili, upande wa kulia. Ofisi ilishauri lizibwe kwa nembo ya chuo. Ni la Sikujua. Amewakatia wote, lake hajaligusa. Leo asubuhi Serah alimuuliza, "Na lako, je?" Akalitazama kidogo, akasema, "Langu kesho."

Tunajua mtu akisema kesho mara nyingi anakukwepa. Lakini huyu, tangu afike, akiulizwa habari za wikendi husema ataona. Akiulizwa muhula ujao hugeuza mazungumzo, na sanduku lake mpaka leo limefungwa kamba. Hii ndiyo kesho ya kwanza tuliyoisikia kutoka kwake.

OMBI

Tulikuwa tumeandaa maombi marefu, pamoja na ule ufunguo wa ukumbi. Tumeyaweka kando. Tunaomba moja: ubao ubaki mahali pake mpaka Sikujua amalize. Sisi tumeshaomba kwa lugha zote tunazozijua. Wewe una Kiarabu, na una kiti kwenye bodi. Tukimaliza kusoma, Madam Rawan atapiga makofi. Tafadhali mnong'oneze wakati huo, kabla fundi hajashuka garini.

HITIMISHO

Mgeni rasmi, Mungu akulinde wewe na wako, akupe milango inayofunguka unapobisha.

Sasa utakabidhiwa mkasi ukate utepe. Usishangae kuuona una gundi. Ndio huo huo mmoja wa bweni, hatuna mwingine. Ukishakata, usiuweke kwenye sinia la kumbukumbu. Mpe Serah, yuko hapo kwenye ngazi. Kesho mkasi huo una kazi ghorofa ya pili.

Ni sisi,
Wasaidizi wa Bweni la Wasichana